Maswali Niliyomuuliza Mama Jebet

Mume wangu alizikwa Ijumaa, na kufika Jumapili ndugu zake walikuwa wamejaa sebuleni kwangu, wanakunywa chai yangu na kugawana shamba langu. Mimi nilikuwa jikoni. Hawakunong'ona, kwa sababu watu wa umri wao wameanza kuwa viziwi na wanadhani kila mtu ni kiziwi. "Huyu hana kijana," nilisikia mmoja akisema, "ana wasichana tu, na wote wameolewa mbali." Mwingine akauliza kama nitaachiwa vyumba viwili au kimoja kinanitosha. Nimepita miaka themanini, nimefundisha vyuoni, nimesomesha watoto wa hao hao waliokuwa wananimalizia sukari, na bado nilisimama pale na birika mkononi, nimeduwaa, mdomo wazi. Halafu, badala ya kulia, nikacheka. Nilikuwa nimemkumbuka Mama Jebet, ambaye alisemwa maneno hayo hayo miaka ya hamsini, ndani ya nyumba ya udongo kando ya barabara ya Kaptagat, mwaka ule niliokuwa nasoma sosholojia na kujiona nimemaliza kuijua dunia. Mashemeji nitawashughulikia, shamba lina jina langu na mimi nina mdomo. Acha kwanza niseme habari za mwaka ule.

Wazazi wangu, kijiji chetu na jinsi msichana wa wakati ule alivyofika chuo kikuu, hayo nayaruka. Wenzangu waliokwenda chuo ng'ambo ya mpaka, Uganda, wamekwisha kuyaeleza mpaka yakachosha. Mimi naanzia pale mhadhiri wetu, mama mmoja wa Kiingereza mrefu ambaye hakuwahi kuketi akifundisha, alipotutoa darasani mwisho wa mwaka wa pili na kutuambia twende tukakae na watu. Kila mmoja achague nyumba moja, aishi humo, ale kinacholiwa humo, kisha arudi na maelezo ya jinsi watu wa nyumba hiyo wanavyooana, wanavyorithiana na kugawana kazi. Asiyeleta kitu cha maana angerudishwa kwao na mahali pake apewe mwingine. Alitufundisha pia namna ya kuuliza. Usimuulize mtu, "Mke hufanya kazi gani?" maana atakujibu vile anavyofikiri wewe unataka kusikia. Jiweke ndani. Muulize, "Kama mimi ningekuwa mke hapa, ningefanya kazi gani?" Hapo ndipo ukweli hutoka, alisema. Mimi nililishika neno hilo kama amri ya Mungu.

Nilikwenda Eldoret kwa sababu Mjomba Ezra alikuwa huko, karani wa mizigo stesheni, na mzee wa kanisa asiyekosa Jumapili. Aliishi peke yake kwenye landi, vile vyumba vya wafanyakazi wa reli vilivyopangwa mstari mmoja, na chumba chake alikigawa mara mbili kwa pazia la maua. Upande mmoja kitanda na stovu ya mafuta ya taa, upande wa pili meza, na harufu ya mafuta hayo katika kila kitu, hata mkate. Baridi ya Eldoret ilipenya chini ya mlango ikakaa nasi mezani. Jioni ya kwanza aliniuliza ninasomea nini, nikamwambia ninasomea watu.

"Watu?" akasema. "Watu wanasomewa?"

"Ndiyo, Mjomba. Wanavyoishi, wanavyooana."

"Na serikali inakulipia hiyo?" Alitikisa kichwa akaendelea kula. Baada ya matonge mawili matatu akaongeza, "Basi hapa utashiba. Kuna mama mmoja Mnandi anayeniletea maziwa kila Jumamosi. Mumewe alikufa, hana mtoto wa kiume, na anasema yeye mwenyewe ataoa. Ataoa mwanamke mwenzake!"

Niliacha kula. Mjomba alilisema kama kichekesho, lakini mimi nilikuwa nimesikia darasani kwamba Wanandi wana ndoa ya namna hiyo, na nilidhani ni hadithi za zamani. Mwanamke ambaye amepita umri wa kuzaa, naye hana mtoto wa kiume, anatoa ng'ombe, anaoa msichana. Kuanzia siku hiyo yeye anahesabiwa kuwa mwanaume na mume. Msichana anazaa na mtu fulani wa nje, na watoto wanakuwa wa yule mama na wa jina la marehemu mumewe, na mali inabaki katika nyumba yake. Na sasa mtu kama huyo alikuwa anakuja Jumamosi, mlangoni pa mjomba wangu, na kibuyu cha maziwa! Usiku ule nilijiona mwenye bahati kuliko wanafunzi wote wa darasa letu.

Mama Jebet alikuwa mama mwembamba, mrefu, mwenye blanketi la kahawia na macho yanayokutazama mpaka umalize kusema. Jebet ni binti yake mkubwa. Alikuwa na mabinti watatu na wote walikuwa wameolewa. Mumewe alikuwa skwota kwenye shamba la Kaburu mmoja, yaani alipewa mahali pa kujenga na kulisha mifugo kwa malipo ya kazi yake, na alipokufa Kaburu alimruhusu mjane abaki kwa kuwa alijua kutibu ndama. Ng'ombe wake wengine, aliokatazwa kuwaweka pale, walikuwa wametawanywa kwa marafiki huko riziavu, eneo walilotengewa Wanandi. Shemeji yake alikuwa anajua kila ng'ombe alipo. Alikuja mara kwa mara, akakaa mlangoni, akanywa maziwa na kuuliza hali ya afya yake. "Ananipima," Mama Jebet aliniambia, "kama ng'ombe ya kuchinja. Anataka kujua itaanguka lini. Ikianguka, watoto wake watakuja hapa, na jina ya nyumba yangu itakwisha kabisa." Nilipomwomba nikae kwake nijifunze, hakusita. Aliniangalia miguu, akaniangalia mikono, akasema, "Kuja."

Kwa hiyo kutoka mwanzo wa mvua ndefu nilikuwa kwake siku za kazi, na Jumamosi nilirudi landi pamoja na maziwa. Karani wa shamba, rafiki wa mjomba, alimwambia Kaburu kwamba mimi ni mwalimu wa misheni, na Kaburu akasema mradi nisimfundishe mtu siasa. Nyumba ilikuwa na chumba kimoja kikubwa chenye moto katikati, na upande wa ndama uliotengwa kwa fito. Asubuhi ukungu ulilala juu ya miti ya miwati mpaka saa nne. Tulikula ugali na mboga chungu zilizolala na maziwa, na tulikunywa mursik, maziwa yao ya kugandisha kibuyuni, yenye rangi ya majivu, na mwanzoni ilinikaba koo lakini mwishowe sikuweza kulala bila kuinywa. Mtu mmoja aitwaye Kiprono, mchungaji wa Kaburu, mtu wa makamo, mpole, alileta kuni mara mbili kwa wiki, akaketi kidogo, akaniamkia, akaenda zake. Nami, jioni, moto ukiwaka vizuri, nilianza maswali yangu.

"Mama, kama mimi ningekuwa mke wako, ningelala wapi?"

Alinitazama. Akaweka kuni vizuri kwanza. "Hapo," akasema, akinyoosha kidole upande wenye joto. "Mimi nitalala hapa karibu na mlango, kwa sababu mwanaume ndiye analinda."

"Na kazi? Ningeamka saa ngapi?"

"Ukiamka, umeamka. Mimi bado niko na nguvu. Nitakamua mwenyewe kama umechoka."

Nikaona ajabu hiyo, nikaiweka kichwani. Siku nyingine nikauliza habari za yule mwanaume wa nje. Ningempataje? "Wewe mwenyewe utachagua," akasema. "Mtu mzuri, hakunywi pombe. Akija, akule, aende. Hana neno hapa." Nikauliza kama ningepigwa. Akashangaa. "Nipige mtu kwa nini?" Na jioni moja, kwa kuwa nilijiona nimebobea, nikamuuliza je, kama mke ni msichana aliyesoma, na anataka kuendelea na masomo? Aliinuka akaenda kuangalia ndama, akarudi, akasema, "Vitabu haikuli nyasi. Asome." Nilitaka kumkumbatia. Mwanamke asiyejua kusoma, ndani ya shamba la Kaburu, na ana mawazo kuliko wanaume wote niliowajua! Niliuliza habari za mahari, nikauliza za nguo, nikauliza mke akiugua nani humpeleka hospitali, nikauliza hata kama mama yangu angeruhusiwa kunitembelea. Maswali mengine niliyarudia mara tatu, kwa sababu mhadhiri alisema turudie. Kila nilipoyarudia majibu yalizidi kuwa matamu, na mimi mjinga nikafurahi, nikadhani ananizoea.

Sasa hivi mimi ni mjane kama yeye, na nikiwaza jioni zile nashikwa na kizunguzungu. Nilikuwa na akili, hilo sitalikana. Nilishinda wavulana wa darasa letu wote. Lakini hebu nifikirie ni msichana gani duniani anayekwenda kukaa kwa mwenye kutafuta mke, anakunywa maziwa yake, na kila jioni anamuuliza, "Mimi nikiolewa hapa nitalala wapi?" Hata leo, ningekuwa na kijana na mtoto wa jirani akamfanyia hivyo, ningeanza kushona nguo ya harusi. Mwezi wa Agosti nilimuuliza, "Mama, posa utaipeleka lini?" Akasema karibu. "Nitakuwepo?" Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya blanketi. "Utakuwepo," akasema, "usiogope."

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, wazee watatu walikuja landi. Walikuwa wamevaa makoti makubwa juu ya shuka, na fimbo zao walizilaza chini. Hawakukubali viti, waliketi sakafuni karibu na mlango, wakanyamaza. Mjomba aliwajua kwa sura, kwa sababu mmoja alikuwa akileta mahindi stesheni, na akawakaribisha kwa furaha yote ya mtu wa kwetu. Mimi niliwaangalia kupitia pazia na moyo ukaruka. Nilikuwa nimeshaambiwa na Mama Jebet namna wazee wa posa wanavyokuja: huketi mlangoni, hawasemi shida yao, hawagusi chakula mpaka wapate neno, na siku ya kwanza mwenye nyumba huwazungusha tu, awaambie warudi siku nyingine. Nikajiambia, Rispa, ona bahati yako, hii ni posa kabisa, unaiona kwa macho yako! Lakini walikuja kumposa nani katika landi za reli? Nilifikiri labda wamepotea nyumba. Nikawasha stovu nipike chai, huku nimetega masikio yote mawili.

"Tumekuja kuona huyu msichana," alisema aliyekuwa mkubwa wao. "Tumesikia ni msichana mzuri."

"Ah! Huyu?" Mjomba akasema, na sauti yake ilijaa ule ukarimu wake wa mzee wa kanisa. "Huyu ni binti yenu. Kwani mimi ni nani? Si anakaa kwenu, anakula kwenu? Ni wenu kabisa, wazee wangu. Mchukueni tu!"

Yeyote aliyezaliwa upande wetu anajua hayo ni maneno ya adabu. Mgeni akisifu kuku wako, unamwambia ni wako. Akisifu mtoto, unamwambia ni wako, mchukue. Hakuna aliyewahi kumchukua. Lakini wale wazee walitazamana kama watu walioamka na kukuta mto umekauka, njia iko wazi. Mkubwa wao akanyoosha mkono akaipokea chai niliyokuwa nimempitishia Mjomba penye pazia. Wote wakanywa. Hapo ndipo nilipozima stovu, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa maana ya chai hiyo.

Nikatoka nyuma ya pazia. "Mzee," nikasema, "samahani. Mmetumwa na nani?"

Aliniangalia kwa mshangao, maana msichana hasemi siku hiyo. "Nyumba ya Mama Jebet," akasema. "Na baba yako amekubali mara moja. Hatujaona mtu mwepesi kama huyu."

"Amekubali nini?" Mjomba akauliza, bado anatabasamu.

"Wewe kuoza msichana."

"Kumwoza nani? Bwana arusi yuko wapi?"

"Mama Jebet ndiye bwana arusi."

Sitamsahau Mjomba Ezra dakika ile. Tabasamu lilibaki usoni, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshatoka. Kikombe kilimponyoka mkononi, chai ikamwagika kwenye suruali yake ya Jumapili na hakusikia joto lake. Mimi nilishika pazia, na pazia likang'oka. Wazee waliona aibu kwa ajili yetu, wakadhani ni furaha, wakaaga kwa heshima na kusema watarudi kuzungumza habari za ng'ombe. Walipokwisha kwenda nilitarajia Mjomba acheke, au apige magoti asali. Aliokota kikombe. Halafu akainua uso akaniuliza, kwa sauti ndogo sana, "Hao ng'ombe wake ni wengi?"

"Mjomba!"

"Nauliza tu."

"Mjomba, mimi ni mwanafunzi! Nikiolewa chuo kimekwisha!"

"Nimesema mbele ya wazee watatu," akasema. "Mimi ni mzee wa kanisa, Rispa. Hawa watu ninafanya kazi nao. Neno langu nitaliweka wapi?" Sijui kilichonishtua zaidi siku ile, posa yenyewe au kuona kwamba mtu aliyenilisha mjini kwa mkate na Zaburi alikuwa kweli anapima. Mpaka leo nasema posa, ili niweze kumwombea.

Jumatatu alfajiri nilitembea mpaka kwa Mama Jebet kwa miguu, ukungu ukinilowesha kichwa. Nilikuwa na hasira, na hofu nyingi kuliko hasira. Nilijua kwamba kukataa wakati wazee wamekunywa chai ni kumvua nguo mbele ya shemeji yake. Nilimkuta nje anaosha kibuyu. Alikuwa amevaa koti la marehemu mumewe; sikuwahi kuliona. Aliponiona alisimama, akajipangusa mikono, na usoni alikuwa na haya kama kijana. Haya hiyo ndiyo iliyonivunja. Nilikuwa nimepanga maneno makali njia nzima, nikajikuta nalia.

"Mama, mimi siwezi kuolewa. Sikuwa natafuta kuolewa."

"Uliniuliza utalala wapi," akasema.

"Nilikuwa nasoma. Ni masomo. Mwalimu wangu alisema tuulize hivyo."

"Uliuliza kama mama yako atakuja kukuona."

"Ni masomo, Mama. Nikirudi nitaandika, na mwalimu anipe alama."

Alirudia neno hilo, alama, kama anaonja kitu. Akaketi juu ya gogo. Sijawahi kumwona mtu akishtuka kimya kimya hivyo. Rangi ya uso wake iligeuka, akawa mzee mbele ya macho yangu. "Kwa hivyo mimi nikikuambia nyumba yangu inakufa," akasema polepole, "wewe ulikuwa unasikia alama." Sina jibu hata leo, na nimefundisha somo hilo miaka mingi na kulipwa mshahara. Ng'ombe mmoja alilia zizini akitaka kukamuliwa na hakuna aliyeinuka. Nilisubiri anifukuze.

Badala yake alisema, "Haya. Uliza tena."

"Mama?"

"Uliza tena yote. Sasa uliza kama mtu ambaye hataki kuolewa, na mimi nitajibu kama mtu ambaye hatafuti mke. Usirudi kwa mwalimu na uongo yangu."

"Uongo?"

"Wewe! Umewahi kuona mwanaume anaposa na ukweli?"

Nikauliza. Majibu yalikuja mengine kabisa. Mke analala wapi? Analala upande wa ndama mpaka azae. Anaamka saa ngapi? Kabla ya jogoo, na akichelewa maji yatamwagwa, arudi mtoni. Shule? "Nani atakamua?" Mwanaume wa nje anachaguliwa na nani? "Na mimi. Nimeshachagua." Nikamuuliza ni nani. "Si huyo anayekuletea kuni?" Kiprono! Miezi mitano mtu huyo alikuwa ananiamkia, anakaa kidogo, anaangalia moto, nami namjibu kwa furaha na kumuuliza habari za kondoo. Nikamuuliza kama mke hupigwa, na hapo akaangalia mikono yake mwenyewe.

"Nitapiga kidogo," akasema. "Ili watu wasikie. Mwanaume asiyepiga watasema ni mwanamke tu amevaa koti, na ile siku watasema hivyo shemeji yangu atachukua kila kitu. Mimi nilipigwa, najua mahali haiumi sana." Na mke akitaka kwenda zake? "Ataenda wapi? Ng'ombe yangu itakuwa imeshakuliwa kwao."

Nilimwambia siwezi kwenda kwa wazee kukataa, naogopa. Akasema sitakataa mimi, atakataa yeye. Mume ana ruhusa ya kukataa. "Nitasema una maneno mingi." Na alifanya hivyo jioni ile ile, mbele ya wale wazee na shemeji yake. Aliwaambia huyu msichana anauliza kuliko polisi, nyumba yake haitalala, na wazee wakaitikia kwa vichwa wote, maana hata mlangoni nilikuwa nimewahoji. Mimi nilisimama nje nikisikiliza, na mnisadiki au msinisadiki, niliumia. Sikumtaka, nilimkimbia, na bado nilipokataliwa nilisikia uchungu mpaka kwenye meno. Lakini wazee walikuwa na neno moja la mwisho. Walimtumia Mjomba Ezra salamu: tumekunywa chai yako, neno lako bado liko. Tuletee mwingine, asiyeuliza.

Nilirudi chuoni. Niliandika majibu ya kwanza na majibu ya pili, na nikaeleza kilichotokea katikati. Mhadhiri alinipa alama ambazo sikuwahi kupata tena maisha yangu yote. Alisoma kurasa zangu mbele ya darasa akiwa amesimama vile vile, wavulana wakacheka pale penye chai, nami nikacheka nao kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu.

Krismasi nilikwenda Eldoret tena. Mjomba alinipokea vizuri, akaninunulia nyama, na hakunitazama machoni. Nilipomuuliza habari za Mama Jebet alisema ameoa. Nikasema Mungu asifiwe, ameoa wa wapi? Akakata nyama vipande vidogo vidogo. "Kwetu," akasema. "Kuna mtu alikuwa na shida, ana wasichana wengi. Mimi nilipeleka maneno tu." Nilisukuma sahani. Mzee wa kanisa, karani wa mizigo, alikuwa amelipa neno lake la adabu kwa mtoto wa mtu mwingine. Aliniambia, kwa ukali wa mtu anayejitetea, kwamba wote wameridhika na ng'ombe wamefika.

Nilikwenda kesho yake. Shemeji yake Mama Jebet hakuwa mlangoni. Kando ya zizi nilimkuta msichana wa miaka kama kumi na sita, anafunga kamba ya ndama, na mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko, ulikuwa na alama mbili za fimbo, si kubwa. Jina lake Nekesa. Ndani ya nyumba nilimsikia Mama Jebet akikohoa, lakini nilishindwa kuingia kwanza. Nekesa alinitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye Rispa," akasema kwa lugha yetu ya nyumbani. "Uliyekataliwa."

"Ndimi."

"Wanasema ulimuuliza kila kitu. Mimi hawakuniruhusu niulize. Alikujibu nini?"

Niliangalia mlango. Nilikuwa na majibu ya namna mbili, na kwa muda nilisimama nikitamani sana kumpa yale matamu. Nikampa ya pili. Nilimwambia kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine: ndama, mtoni, shule, Kiprono, fimbo, na kwamba kwao hakurudiki. Nilikuwa tayari alie. Nilikuwa nimeshafungua mikono, nimeshapanga moyoni jinsi nitakavyomficha landi, nimpandishe treni, nipigane na Mjomba, nipigane na wazee.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kufunga kamba.

"Hayo tu?" akauliza.

Nilimwangalia nikimtafutia machozi usoni, hayakuwepo.

"Baba yangu alikuwa ameshanitoa kwa mtu mwingine kabla ya mjomba wako kuja," akasema. "Huyo amezika wake wawili, na hakuna aliyemuuliza walikufa na nini." Akanipa kamba mkononi, akachukua kibuyu, akachuchumaa chini ya ng'ombe. "Shika huyu ndama, dada, nikamue haraka kabla mzee wangu huko ndani hajaniita."